Usijibu Swali la Nyumba Bora

Shemeji yako anayeishi Florida amekualika Halloween Horror Nights, tamasha la vitisho linalofanyika kila mwaka ndani ya bustani ya burudani ya Universal Studios mjini Orlando. Umekubali, tiketi imekatwa, na sasa unajiuliza kama moyo utahimili. Utahimili. Misumeno ya injini watakayokukimbiza nayo imetolewa minyororo, imebaki kelele na moshi tu. Wafu wanaofufuka ni vijana wanaolipwa kwa saa, na wamekatazwa kukugusa. Wa kuogopwa ni shemeji mwenyewe na wenzake, yaani mashabiki. Hao hawajakatazwa kitu.

Watakuuliza mapema, pengine kabla hujafunga mkanda wa gari: "Shemeji, wewe mwaka huu unauonaje?" Swali linasikika kama la kuvunja ukimya. Sivyo. Ni mtego uliotegwa tangu mwaka 1991, na wengi walioingia humo bado wanabishana. Jibu salama ni moja tu: "Ndiyo kwanza nafika, shemeji, nielekeze." Ataelekeza mpaka mfike. Wewe tazama barabara.

Jua kwanza unaingia wapi

Universal Studios Florida ilifunguliwa Juni 1990. Oktoba ya mwaka uliofuata ikajaribu jambo lililoitwa Fright Nights: usiku wa siku tatu, nyumba moja ya vitisho, kiingilio dola 12.95. Nyumba hiyo moja iliwekwa katika eneo la foleni la mchezo wa Jaws, ambao wakati huo ulikuwa umefungwa. Naomba ukumbuke jambo hilo, kwa sababu tamasha lililoanzia kwenye foleni limeendelea kuishi kwenye foleni. Mwaka 1992 jina likawa Halloween Horror Nights, na tangu hapo limekuwa likinenepa. Tangu 2018 nyumba ni kumi. Siku zimepita 40 kwa msimu. Msimu wa 2025 ulianza tarehe 29 Agosti na kuisha 2 Novemba, ilhali Halloween yenyewe ni siku moja, 31 Oktoba. Kwa hiyo usishangae kukuta maboga yaliyochongwa macho wakati Florida bado inatokota kwa joto na radi zinapiga kila alasiri.

Utaratibu wenyewe ni huu. Saa kumi na moja jioni bustani hufungwa kwa wageni wa mchana. Saa kumi na mbili na nusu hufunguliwa tena kwa tiketi nyingine kabisa, na haifungwi hadi saa nane usiku. Wajanja wenye tiketi zote mbili hubaki ndani, wakikusanywa kwenye maeneo maalumu kusubiri, ndiyo maana utakapoingia ukikimbia utakuta watu tayari wako kwenye mstari wakikutazama kwa huruma. Nyumba zimejengwa ndani ya majengo ya kupigia filamu na mahema makubwa nyuma ya bustani. Unapita kwa miguu, gizani, kwa dakika nne hivi, watu wakikurukia kutoka nyuma ya mapazia. Kati ya nyumba na nyumba kuna mitaa ya vitisho ambako watishaji wanazurura na hakuna anayepanga foleni. Kuna onyesho la jukwaani. Kuna vinywaji vikali, na baada ya saa nne usiku utakutana na wale walioanzia huko.

Usivae vazi la kutisha wala kinyago. Hairuhusiwi kwa wageni, kwa sababu iliyo wazi: lazima ijulikane nani analipwa kupiga kelele na nani amelipa ili apige kelele.

Soma fulana kabla ya kufungua mdomo

Mashabiki ni watu waungwana kwa namna hii: huvaa msimamo wao kifuani. Fulana ya msimu fulani ni tangazo kwamba mwenye nayo anaamini mambo yalianza kuharibika mwaka uliofuata.

Ukiona uso wa mchekeshaji wa sarakasi mwenye tabasamu la kinyama, huyo ni Jack. Alianza mwaka 2000, na ndiye aliyeleta desturi ya kila msimu kuwa na mhusika mmoja anayetawala, mwenye hadithi inayofunga nyumba na mitaa yote pamoja. Baada yake walikuja wengine: mzika wafu mwaka 2002, mtengeneza filamu katili mwaka 2003, bibi msimulizi mwaka 2005, na Lady Luck, malkia wa kamari, mwaka 2011. Halafu desturi ikaanza kulegea. Misimu kadhaa ikapita bila mwenyeji yeyote, mingine ikarudishiwa mmoja kama kwa kumbukumbu. Kwa mwenye fulana ya Jack, hapo ndipo tamasha lilipofiwa. Anakwenda kila mwaka, analipa bei kamili, na anakwenda kama mtu anayehudhuria arobaini.

Huyu ana faida kwako. Muulize habari za mwaka 2001. Atakwambia kwamba Eddie, ndugu yake Jack, ndiye aliyeandaliwa kuwa sura ya msimu, mwenye msumeno mkononi, na kwamba mashambulizi ya tarehe 11 Septemba yalipotokea, wiki chache kabla ya ufunguzi, kampuni ilimwondoa Eddie na kupunguza damu tamasha zima. Ni kisa cha kweli na kinavutia. Kitachukua dakika ishirini, na katika dakika hizo hutatakiwa kuwa na maoni.

Mzee huyo wa zamani atasema pia kwamba siku zile foleni hazikuwa hivi. Mwamini. Atasema nyumba za siku zile zilitisha zaidi. Hapo mwulize kwa adabu alikuwa na umri gani. Nimesoma na kusikia maoni mengi ya aina hii, na mwaka bora wa tamasha, kwa maajabu makubwa, huwa haukosi kuangukia kati ya miaka kumi na tano na ishirini ya maisha ya msemaji.

Kundi dogo lakini kali ni la Bill & Ted. Hiki kilikuwa kichekesho cha jukwaani kilichoanza mwaka 1992, kikiwakejeli wanasiasa, waimbaji na filamu za mwaka husika, na kikaondolewa baada ya msimu wa 2017. Kuna watu waliokuwa wakilipa kiingilio, wanaangalia kichekesho, wanakunywa bia, wanarudi nyumbani bila kukanyaga nyumba hata moja. Nafasi yake imechukuliwa na maonyesho ya dansi, moto na sarakasi. Maonyesho hayo ni mazuri. Usiyasifu mbele yao.

Vita yenyewe

Sasa tufike penye moto. Kila msimu nyumba kumi hugawanywa karibu nusu kwa nusu. Kuna zilizotokana na filamu, tamthilia au michezo ya kompyuta ya watu wengine, kwa makubaliano na malipo. Na kuna zilizobuniwa na wasanii wa Universal wenyewe kuanzia jina hadi jino. Msimu wa 2025, kwa mfano, upande mmoja ulikuwa na Five Nights at Freddy's, Fallout, Terrifier, Jason wa kinyago cha mpira wa magongo, na kundi la mieleka la Wyatt Sicks. Upande wa pili kulikuwa na madubwana ya kaskazini, mchoraji wa Kihispania aliyeandamwa na mizimu, wanasesere waliokatwakatwa, na mengine ambayo hujawahi kuyasikia, na hilo ndilo linalogombewa.

Wapenzi wa hadithi za kubuni watakwambia kwamba nyumba ya filamu ni tangazo la biashara unalolipia kulitazama. Unajua nani yuko nyuma ya mlango, unajua atashika nini mkononi, na akitokea unampungia mkono. Wapenzi wa filamu watajibu kwamba hawakusafiri kutoka Ohio kuja kutishwa na mzimu asiye na jina. Wanataka kuingia ndani ya chumba walichokitazama kwenye skrini wakiwa wamejifunika shuka, na wakute kila kitu mahali pake, hadi rangi ya mapazia. Hoja zote mbili zina uzito. Kwa macho yangu kampuni inazihitaji zote mbili kwa sababu tofauti: jina la filamu humtoa mtu nyumbani mara ya kwanza, na nyumba ya kubuni humrudisha mwaka ujao. Jina la tamthilia ya Stranger Things lilipotua Orlando mwaka 2018, foleni yake ilivuka saa mbili, na ndani yake walisimama watoto wa sekondari ambao hawakuwa wamewahi kusikia habari za Jack. Wakongwe waliwatazama kama wavamizi. Baadhi ya wavamizi hao leo wana fulana zao za 2018 na wanalalamikia waliokuja baada yao.

Ukitaka kuona shabiki akibadilika rangi, taja mwaka 2013. Mwaka huo mitaa yote ya vitisho, yote bila kubakiza mmoja, ilikabidhiwa tamthilia moja, The Walking Dead. Watu waliozoea kutoka mtaa wa wachawi kuingia mtaa wa wauaji na kutokezea mtaa wa viumbe wa ajabu wakakuta maiti zinazotembea, kisha maiti zinazotembea, kisha, baada ya kona, maiti zinazotembea. Hasira hazijapoa mpaka leo. Mwaka 2013 umekuwa ushahidi wa kudumu wa wapinga filamu. Wanautoa mfukoni kila baraza linapokaa.

Ila angalia kilichokuwa ndani ya nyumba mwaka huohuo. Kulikuwa na nyumba ya An American Werewolf in London, filamu ya John Landis ya mwaka 1981, yenye mbwa mwitu wakubwa kama ng'ombe waliochezeshwa kwa mikono na watu waliojificha gizani. Nyumba hiyo ilipendwa kiasi kwamba ilirudishwa mwaka 2015, tamasha lilipotimiza misimu 25, na kuna wakongwe wanaoiweka miongoni mwa nyumba bora kupata kujengwa. Kulikuwa pia na The Cabin in the Woods, nayo ya filamu, nayo ikashangiliwa. Maana yake mwaka unaotumika kuzilaani hadithi za filamu ndio uliozipa utetezi wake mkubwa kuliko wowote. Hoja hii ni nzuri sana na nakushauri usiitoe mezani, kwa sababu haimfurahishi mtu wa upande wowote.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2022. Mwanamuziki The Weeknd alipewa nyumba iliyotokana na albamu yake ya After Hours, yenye taa za rangi, nyuso zilizofungwa bendeji na muziki unaotikisa mbavu. Nusu ya mashabiki waliuliza mwimbaji wa mapenzi anatafuta nini huku. Nusu ya pili walitoka wakicheza. Sijawahi kuona watu wazima wakitukanana kwa sababu ya bendeji kiasi kile. Msimu huohuo palikuwa na nyumba ya kubuni iliyoitwa Dead Man's Pier: Winter's Wake. Kijiji cha wavuvi, baridi, mashua inayooza, na wimbo unaowaita watu majini. Nyumba hiyo haina maadui. Nimetafuta.

Mtu wa pwani hatashangaa. Bahari yenye watu ndani yake inatisha kokote, na sisi tuliolelewa kwa hadithi za majini hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa kweli wabunifu wa Orlando wameanza kugundua kwamba nje ya Marekani na Ulaya nako kuna vya kutisha: mwaka 2024 walijenga nyumba ya madubwana ya Amerika ya Kusini na Mexico, akiwemo Lechuza, mchawi wa umbo la bundi. Siku wakimfikia Popobawa wa Pemba nitakata tiketi mwenyewe, na nitakuwa wa kwanza kulalamika kwamba wamemkosea.

Kwa nini hawatapatana kamwe

Shabiki hatakwambia hili, kwa sababu akikwambia ugomvi unakwisha na hana pa kwenda jioni.

Nyumba ya vitisho si filamu inayoonyeshwa ileile kwa kila mtu. Mtishaji amesimama nyuma ya ukuta wenye kidirisha. Taa na sauti hujirudia kwa mzunguko wa sekunde kadhaa, naye hutokea pamoja nazo, hupiga ukelele, hurudi ndani, hungoja mzunguko mwingine. Mbele yake mstari wa watu unatiririka bila kusimama, kwa sababu kampuni inapaswa kupitisha maelfu kabla ya saa nane usiku. Ukifika mbele ya kidirisha sekunde mbili mapema, utapita ukiona ukuta. Ukifika sekunde mbili baadaye, utamwona akimrukia mtu wa mbele yako, na wewe utapita ukitazama pazia likitikisika. Ukifika sawasawa, utaacha kiatu. Watu hao watatu wameshikana mabega, wamelipa kiingilio kimoja, na wanatoka upande wa pili na nyumba tatu tofauti kichwani.

Ongeza haya. Kila nyumba huwa na makundi mawili ya watishaji wanaopokezana zamu usiku kucha, na mashabiki wagumu wanajua kundi lipi lina nguvu. Mwigizaji wa wiki ya kwanza bado anajifunza mahali pa kusimama. Wa wiki ya saba ameshaujua ukuta wake, au ameshachoka nao. Kuna usiku ambapo pua ya mbwa mwitu imeharibika na yuko kwa fundi. Kuna mtu anayeingia Jumatano ya Septemba akapita nyumba saba kabla ya saa sita, na kuna anayeingia Jumamosi ya Oktoba akapata tatu. Kuna aliyenunua Express, foleni ya haraka, ambayo mara nyingi bei yake huizidi tiketi yenyewe. Kuna aliyelipia kuongozwa na mhudumu na kuingizwa mlangoni bila kusubiri kabisa. Aliyesimama dakika 110 kwa ajili ya dakika nne hawezi kuwa na ukarimu wa aliyesimama tano. Anachohukumu ni miguu yake.

Ni kama pilau ya harusi. Waliokaa sinia la kwanza walipata nyama iking'aa na mchele unaoachana. Waliokaa la mwisho walikwangua ukoko wakaambiwa nyama imekwisha. Wote wanasema kweli kuhusu mpishi yuleyule, na mpishi hana la kujitetea mbele ya yeyote kati yao.

Kwa hiyo mtu akikwambia nyumba fulani ni mbovu, swali la maana ni: uliingia saa ngapi, siku gani, na nani alikuwa mbele yako? Hakuna anayeuliza. Wanachouliza ni umeiweka ya ngapi. Hii ni desturi ya orodha: siku ya kwanza ya msimu, kabla jasho halijakauka, kila shabiki hupanga nyumba zote kumi kuanzia bora hadi mbovu na kuitangaza orodha yake kama matokeo ya uchaguzi. Uzuri wa orodha ni kwamba lazima kitu kiwe cha kumi. Nyumba ambayo timu ya watu imeifanyia kazi kwa miezi mingi, ikachongwa, ikapakwa rangi, ikatiwa harufu ya matope au ya nyama iliyoungua kulingana na hadithi, inakuwa ya kumi kwa sababu jamaa alipopita mtishaji alikuwa anakunywa maji. Na kila mwaka nyumba iliyo ya kwanza kwa mmoja ni ya kumi kwa mwenzake. Hapo ndipo chakula cha usiku hupoa.

Hukumu nyingine hutolewa mapema zaidi. Msimu mmoja ukifungwa tu, tetesi za ujao huanza. Watu huchora ramani za uvumi, jengo gani litapewa hadithi gani, wakibadilisha kila mwezi. Kampuni inapokuja kutangaza rasmi, mashabiki wameshazipenda nyumba ambazo hazikuwahi kuwepo na wameshachoshwa na zile ambazo hazijajengwa. Utasikia mtu Mei akisema msimu wa Septemba umemvunja moyo. Mpe pole.

Mitego midogo

Ukimkuta mtu wa California, usitaje Orlando. Ukimkuta wa Orlando, usitaje Hollywood. Tamasha la jina hilohilo katika bustani ya Universal ya Hollywood limekuwa likifanyika kila mwaka tangu lirudi mwaka 2006, isipokuwa mwaka wa korona, na lina fahari ya Terror Tram, inayowateremsha wageni katikati ya maeneo halisi ya kupigia filamu. Orlando wana nyumba nyingi zaidi na mitaa mipana. Hollywood wako mlimani, ngazi za umeme kupanda na kushuka, na nyumba nyingi za filamu. Wakibishana hao wawili, mtu wa bustani ya Knott's Berry Farm huko Buena Park atakohoa na kukumbusha kwamba wao walianza mwaka 1973. Wa Singapore naye atasema kwao ndiko kunakotisha kweli. Waache.

Kuhusu chakula nitasema kidogo: kuna chipsi zilizomwagiwa mchuzi wa piza na jibini, na kuna watu wanaoziwekea foleni kwa heshima kubwa kuliko nyumba yoyote. Kwao msimu hupimwa kwa chipsi. Mara nyingi ndio wanaorudi nyumbani wakiwa na furaha. Kuna pia duka la kumbukumbu lililopambwa kama nyumba ya vitisho, lenye vyumba na hadithi, na ubishi wa kila mwaka kama lilipendeza kuliko nyumba za kweli. Wapo wanaoliweka kwenye orodha.

Usichukue watoto. Kampuni yenyewe haishauri walio chini ya miaka 13. Watoto wapeleke kwa jirani, Disney, ambako tangu mwaka 1995 kuna sherehe ya Halloween ya Mickey isiyotisha sana: mavazi yanaruhusiwa, peremende zinagawiwa, na maandamano yanatanguliwa na mpanda farasi asiye na kichwa. Usidhani huko umepona. Nao huanza Agosti, nao wana wakongwe wanaoapa kwamba peremende za zamani zilikuwa nyingi.

Angalia pia hali ya hewa. Msimu wote unaangukia katika miezi ya vimbunga. Ian mwaka 2022 na Milton mwaka 2024 vilisababisha usiku kadhaa kufutwa, na wenye tiketi za siku hizo wakahamia nyingine zilizokuwa tayari zimejaa. Ukiwa kwenye foleni ya usiku wa namna hiyo usimwombe jirani maoni juu ya ubora wa tamasha.

Na kwa wale wanaosema siku zimezidi, kwamba vitisho vya kila siku havitishi, habari mbaya ni kwamba Agosti 2025 Universal ilifungua mahali pengine Las Vegas, Universal Horror Unleashed, ambapo msimu hauishi kabisa. Mashabiki walianza kubishana kama nako kulikuwa bora zamani, ingawa zamani yake ilikuwa wiki iliyopita.

Yangu ni haya. Tamasha la leo limejengwa kwa ustadi mkubwa kuliko lile la dola 12.95, na mtu aliyetembea ndani ya Dead Man's Pier hawezi kudai kwa dhati kwamba ubunifu umekufa. Kinachowaharibia watu usiku wao ni wingi wa watu, na wingi huo ni uamuzi wa biashara, si upungufu wa vipaji. Ukitaka kuona kilichomo, mwambie shemeji akate tiketi ya Jumatano ya katikati ya Septemba. Anzeni na nyumba za kubuni, iacheni ile ya filamu kubwa mpaka baada ya saa sita usiku foleni inapopungua, na vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Ya Jumamosi ya Oktoba usikubali, hata akikuapia.